Msitu wa kale usio na mti mkubwa

SWALI: Nimekulia Lushoto, chini ya msitu wa Magamba, na huu ni mwaka wangu wa tatu Ipswich, mashariki mwa Uingereza. Februari wenzangu wa kazini walinipeleka kuona msitu wanaouita wa kale, Bradfield Woods, karibu na mji wa Bury St Edmunds. Njia nzima waliuzungumzia kwa sauti ya chini, kama watu wanaokwenda kuzuru kaburi. Nilichokikuta ni fito tu, matope hadi vifundoni, na eneo zima limefyekwa kama mtu anatayarisha shamba. Sikuona hata mti mmoja wa kukumbatiwa na watu wawili. Hiyo kale iko wapi? Na kama ni msitu wa kale, mbona wanaukata? Mama yangu anakuja kunitembelea Aprili, na wenzangu wameshikilia nimpeleke. Magoti yanamsumbua, na si mtu wa kupotezewa muda. — Msambaa wa Ipswich

JIBU: Hukudanganywa, ndugu yangu. Ulikuwa umesimama juu ya kitu chenyewe, ila ulikitafuta huko juu kwenye matawi, kama tulivyozoea kwetu. Na mimi yalinikuta hayo hayo. Nilisomea misitu Olmotonyi, nikafanya kazi Usambara Mashariki kabla ya kuhamia huku, na siku ya kwanza nilipopelekwa kwenye msitu wa namna hiyo nilitembea nusu saa nzima, kisha nikamuuliza mwenyeji wangu, kwa adabu zote, je, bado mbali? Akanitazama tu. Tulikuwa katikati yake.

Kwanza tuondoe hili la kulinganisha, maana ndilo linalomkwaza kila anayetoka milimani kwetu. Misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, Usambara ikiwemo, inakadiriwa kudumu katika unyevu usiokatika kwa takriban miaka milioni 30. Ndiyo sababu imejaa viumbe visivyopatikana kokote kwingine. Hata kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoyamanyoya, kinachouzwa kwenye vyungu katika maduka makubwa ya hapo Ipswich, asili yake ni miamba yenye kivuli ya Usambara. Ofisa mmoja wa Kijerumani alikipeleka Ulaya miaka ya 1890, na leo bibi wa Kiingereza anakimwagilia dirishani bila kujua kuwa ni jirani yako. Uingereza haina historia ya aina hiyo. Miaka 20,000 iliyopita barafu nene ilifunika kaskazini mwa nchi, na huko Suffolk, ambako haikufika safari hiyo, ardhi ilikuwa imeganda na haina msitu. Joto liliporudi miti ikaanza kurejea kutoka kusini mwa Ulaya, lakini haikupata muda mrefu: kama miaka 8,000 iliyopita bahari ilipanda, ikakata njia, na Uingereza ikawa kisiwa. Miti iliyokuwa haijavuka ikabaki ng'ambo. Kwa hiyo miti ya asili ya kisiwa chote ni dazeni chache tu, ukiacha mabishano ya wataalamu wa mimea. Kwa wingi wa aina, Magamba inashinda kabla mechi haijaanza. Tusiurudie tena ubishi huo.

Sasa hilo neno lenyewe. Waingereza wanaposema msitu wa kale wana maana maalumu, hata kwenye nyaraka za serikali: ni mahali ambapo pamekuwa msitu mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu ya makaratasi. Kuanzia hapo ndipo ramani za kuaminika za mashamba na milki zinaanza kupatikana kwa wingi. Tena kabla ya hapo watu walikuwa hawana desturi ya kupanda misitu mipya, kwa hiyo msitu uliokuwepo mwaka 1600, yaelekea ulikuwepo karne nyingi nyuma. Orodha rasmi ilianza kuandaliwa mwaka 1981, na misitu yote ya kale ikijumlishwa, haizidi sana asilimia 2.5 ya ardhi ya Uingereza nzima.

Angalia hapo ni kitu gani kinachohesabiwa umri. Ni mahali. Fito ulizoziona Februari zinaweza kuwa na miaka 6, na msitu ukabaki wa kale vilevile, kwa sababu udongo ule haujawahi kupitiwa na plau, visiki vyake havijawahi kung'olewa, na mbegu, kuvu na wadudu wake wamekuwa wakirithiana pale pale tangu zamani.

Kwa mtu wa Lushoto mfano uko nyuma ya nyumba. Shina la migomba alilopanda bibi yako bado lipo, sivyo? Mgomba uliosimama leo pengine haujamaliza miaka 2. Ukizaa utakatwa, na mwanawe atashika zamu. Lakini hakuna mtu nyumbani kwenu anayesema migomba ile ni ya mwaka juzi. Wanasema ni ya bibi. Sasa chukua shina hilo la migomba, badala ya miaka 60 lipe miaka 600, na badala ya mgomba weka mti wa heizeli, ule mfupi wa fito nyingi, au wa eshi. Umepata Bradfield Woods.

Eshi utautambua hata wakati wa baridi, majani yakiwa yamepukutika: gome la kijivu laini, na vitumba vyeusi tititi, kama njiti za kiberiti zilizoungua. Ukiukata karibu na ardhi haufi. Mizizi ya zamani imebaki na akiba yake yote, basi inasukuma machipukizi kwa nguvu, na chipukizi la eshi linaweza kupita urefu wa mtu ndani ya msimu mmoja tu wa kiangazi. Miaka 20 au 25 baadaye unakata tena. Kila mara machipukizi mapya yanatoka pembeni mwa kisiki, na katikati panaoza taratibu, hivyo kisiki kinatanuka na kuwa duara lenye uwazi ndani. Katika ile sehemu ya Bradfield iitwayo Felshamhall Wood kuna kimoja chenye upana unaozidi mita 5. Mtu akipita bila kuambiwa ataona kundi la miti myembamba imesimama duara kama watoto wanaocheza. Ni mti mmoja. Oliver Rackham, mwanabotania wa Cambridge aliyefariki mwaka 2015, ambaye ndiye aliyewafundisha Waingereza wenyewe kuisoma misitu yao, alikikadiria kisiki hicho kuwa na umri wa miaka 1,000 au zaidi. Huenda ulikipita ukakwepa dimbwi.

Na hapa ndipo swali lako la pili linapojijibu. Eshi ukiachwa bila kukatwa huishi kama miaka 200 au 300, kisha hudondoka. Ukikatwa kwa mpangilio hauna sababu ya kuzeeka. Panga ndilo lililoufikisha hapo ulipo.

Rekodi zinaonyesha kwamba Bradfield umekuwa ukikatwa hivyo tangu mwaka 1252, ulipokuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds, na sehemu yake nyingine hadi leo inaitwa Monks' Park, yaani bustani ya watawa, walikofuga kulungu wao. Abasia ilivunjwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1539. Wenye msitu wakabadilika, ukataji ukaendelea. Miaka karibu 800 mfululizo, zamu kwa zamu, kipande hiki mwaka huu, kile mwakani, na ukifika mwisho wa mzunguko kile cha kwanza kimeshakomaa tena. Heizeli hukatwa kila baada ya miaka 7 hadi 10 hivi. Hilo eneo ulilodhani linatayarishwa kuwa shamba ni kipande cha zamu yake. Rudi baada ya miaka 3 utashindwa kupenya.

Walikuwa wakivuna nini? Kiswahili kinatusaidia, maana mazao ya msitu wa Kiingereza yaligawanyika mafungu mawili ambayo sisi tunayo majina yake tayari: fito na boriti. Fito zilitoka kwenye visiki: za kuta, za ua wa kondoo, za kubania makuti ya ngano juu ya paa, na zilizobaki zikawa kuni. Zile ndefu za eshi, nyepesi na zisizovunjika kirahisi, zilifaa kwa mipini. Kijiji cha jirani, Little Welnetham, kilikuwa na karakana ya kutengeneza reki za mbao kwa eshi ya msitu huu huu. Boriti zilitoka kwenye mialoni iliyoachwa imesimama mojamoja juu ya zile fito, mbalimbali ili isizibe mwanga. Nayo hawakuingoja iwe mizee. Mwaloni wa miaka 50 au 70 ulitosha kwa nguzo ya nyumba, ukaangushwa. Ndiyo maana hukuuona mti wako wa kukumbatia. Katika msitu kama huo, mwaloni mkubwa sana ni mti uliosahaulika sokoni.

Ukitaka kuona fito hizo zilikokwenda, nenda Lavenham, kijiji cha zamani cha wafanyabiashara wa vitambaa vya sufu, kama kilomita 10 kusini mwa Bradfield. Watalii hujazana pale kupiga picha nyumba za mbao zilizopinda, za karne ya 15 na 16. Wote wanapiga picha boriti. Kilichomo katikati ya boriti hawakijui, kwa kuwa kimefunikwa na chokaa. Ni fito za heizeli zilizosukwa au kufungwa, zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Nyumba ya kukandika, ndugu yangu! Huyo Mwingereza anayelipa mamilioni kununua nyumba ya mwaka 1480 amenunua ukuta ambao mama yako anaweza kuukarabati asubuhi moja akiwa na ndoo mbili. Nimekaa na mafundi wa ukarabati wa nyumba hizo wakinieleza kwa kirefu, kama siri ya ufundi, jinsi ya kukanyaga udongo kwa miguu mpaka ukolee. Nikawasikiliza kwa heshima.

Turudi msituni. Kukata kunafanya jambo jingine ambalo Februari hukuweza kuliona. Kunaingiza jua. Chini ya fito nzee ni giza, mimea ya ardhini inalala tu, mingine kama mbegu, mingine kama vijiti vinyonge. Kipande kikikatwa wakati wa baridi, majira ya kuchipua ya kwanza si kitu, ya pili na ya tatu yake ndipo ardhi yote inalipuka kwa maua. Ndege nao wanafuata zamu hizo. Naitingeli, yule ndege wa rangi ya udongo ambaye sauti yake imewatoa jasho washairi wote wa Ulaya, hataki msitu mrefu. Anataka kichaka kizito cha fito za miaka michache, ajifiche humo aimbe usiku. Wanaofika Uingereza huwa wametumia miezi ya baridi Afrika Magharibi, Senegali na Gambia huko. Ukataji ukiacha, kichaka kinapanda, chini kunabaki tupu, naye haji.

Kwetu tumelelewa na picha moja tu: msitu ukikatwa unageuka shamba la viazi, habari imekwisha. Kwa hiyo tunasikia mlio wa msumeno tunashtuka, na tuna haki. Lakini misitu ya kale ya Uingereza haikuuawa na shoka. Iliuawa na mambo mawili, yote ya juzi. La kwanza ni tingatinga la kung'oa visiki ili plau ipite. La pili ni serikali yenyewe: Tume ya Misitu iliyoundwa mwaka 1919, baada ya vita kuwamalizia mbao, ilihimiza kuondoa heizeli na mialoni na kupanda misonobari na jamaa zake, hata kwa kuvipiga sumu visiki vya zamani visichipue tena. Kati ya miaka ya 1930 na 1980 karibu nusu ya misitu ya kale iliyokuwa imebaki ilifutwa au kugeuzwa mashamba ya misonobari. Bradfield nao ulimegwa. Miaka ya 1960 sehemu kubwa ya Monks' Park iling'olewa ikawa shamba la nafaka, na msitu wote ungefuata lau watu hawangepiga kelele. Mwaka 1970 uliobaki ulinunuliwa kwa ajili ya hifadhi, na leo unasimamiwa na Suffolk Wildlife Trust. Ukisimama ukingoni upande huo uone shamba la ngano limenyooka kama limekatwa na rula, ujue unalotazama.

Siku hizi miongozo ya mipango ya ardhi ya Uingereza inaiita misitu hii makazi yasiyoweza kufidiwa, na tangu 2018 mradi wa kuiharibu unatakiwa kukataliwa isipokuwa kwa sababu za kipekee kabisa. Bado reli mpya ya mwendo kasi, HS2, imepita ndani ya baadhi yake, na wahandisi wakachota udongo wa msitu kwa magari wakaumwaga kwingine ili ufufuke huko. Mimi naliona hilo sawa na kuhamisha kitabu kwa kuchana kurasa na kuzisokomeza kwenye kiroba. Maneno yote yamo, ndiyo.

Basi ukirudi Bradfield, tazama chini. Kabla hujaingia ndani, tafuta tuta refu la udongo lililozunguka msitu, na handaki nje yake. Liliinuliwa na watu wa enzi za kati kuzuia ng'ombe na kondoo wasiingie kula machipukizi, ndiyo maana handaki liko upande wa nje na tuta upande wa msitu. Halijanyooka. Linapinda huku na huku, kwa kuwa lilifuata mpaka waliokubaliana majirani. Msitu wenye mpaka ulionyooka mwambamwamba mara nyingi ni wa karne za karibuni. Leo kazi ya tuta inafanywa na uzio wa waya kuzunguka vipande vilivyokatwa, kwa sababu kulungu wamezidi, pamoja na wale wadogo wa Kichina waitwao muntijaki, ambao tajiri mmoja aliwaleta kwenye bustani yake mwanzoni mwa karne ya 20, wakatoroka, wakazaana.

Kisha maua. Yapo ambayo hayana uwezo wa kusafiri, nayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha msitu. Anemoni nyeupe ya msituni inatajwa sana: mizizi yake hutambaa taratibu, kiasi cha kama mita 2 kwa miaka 100, na mbegu zake haziaminiki. Ukilikuta zulia lake lina upana wa mita 30, piga hesabu mwenyewe. Kuna blubeli, kengele ndogo za buluu iliyokolea, na karibu nusu ya blubeli zote duniani ziko katika kisiwa hiki. Kuna Paris quadrifolia, ambayo lazima uinamie ndipo uione: majani manne yamepangwa msalaba juu ya kikonyo kimoja, na baadaye tunda moja jeusi katikati. Lina sumu, liache. Na kuna ile ambayo ni fahari ya pembe hiyo ya nchi, Primula elatior, ua la manjano iliyofifia lenye vichwa vyote vimeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza mlangoni. Kwa Uingereza nzima linaota karibu tu na ulipo wewe, kwenye udongo mzito wa Suffolk, Essex na Cambridgeshire ulioachwa na barafu ya zamani zaidi. Ndio udongo ule ule uliokushika vifundo.

Kuhusu mama, mpeleke, ila chagua siku. Februari ulikwenda kabla pazia halijafunguliwa. Wiki ya pili ya Aprili ni ya anemoni na yale ya manjano. Blubeli zinaanza mwisho wa Aprili na kuendelea hadi katikati ya Mei, kutegemea mwaka. Kama anaondoka kabla ya Mei, usihangaike kumsubirisha blubeli, nenda kwa ajili ya yale ya manjano. Nenda asubuhi, siku ambayo hakujanyesha kwa siku tatu nne. Ukifika, muulize yeyote anayefanya kazi pale kipande kilichokatwa misimu miwili iliyopita kiko wapi, muende huko moja kwa moja badala ya kuzunguka msitu mzima. Gambuti kwa wote wawili, fimbo kwa mama, na kile kiti cha kukunja cha wavuvi kinachobebwa begani. Mkalishe pale kwenye kipande, nyamazeni robo saa. Bila gari ni tabu kufika, hakuna treni ya karibu.

Mambo matatu ya kumwambia mapema, maana nawajua mama zetu. Asichume wala kung'oa chochote, hata akikuta jani linalofanana na dawa ya kwao. Kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kisheria, na blubeli zinalindwa zaidi. Msikanyage maua ili kupiga picha, kwani blubeli iliyokanyagwa majani inadhoofika kwa miaka. Na kupe wapo. Hawa wa Uingereza baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo soksi juu ya suruali, mkirudi jikagueni nyuma ya magoti na kwenye kwapa, na kama ndani ya wiki kadhaa atatokewa na duara jekundu linalotanuka kwenye ngozi, mpeleke kwa daktari ukaeleze kwamba mlikuwa msituni. Ukikuta kibao cha kufunga njia, kitii. Tangu mwaka 2012 kuvu linaloua eshi limeenea nchi nzima, na eshi iliyokufa hudondosha matawi bila kubisha hodi.

Kama mvua haikatiki, au magoti yamekataa, badilisha mpango uende Hatfield Forest, Essex, karibu na uwanja wa ndege wa Stansted. Ulikuwa msitu wa wafalme wa kuwindia, njia zake nyingi ni pana na si za kuparamia, kuna ziwa na mahali pa kunywa chai. Huko utaipata miti yako ya kukumbatia. Kwa kuwa ng'ombe walilishwa ndani ya msitu, kukata chini kusingefaa, machipukizi yangeliwa yote. Basi miti ilikatwa kichwa juu kidogo ya mdomo wa ng'ombe, ikachipua kutoka pale, na shina likazidi kunenepa karne kwa karne. Ina matumbo, mashimo, na nyuso za ajabu. Epping Forest ni ya aina hiyo hiyo, tena treni za chini ya ardhi za London zinakufikisha ukingoni, lakini huko sheria ya mwaka 1878 iliyouokoa msitu usiuzwe ndiyo pia iliyosimamisha ukataji, na sasa vichwa vya miti ile vimekuwa vizito kuliko miguu. Kwa mama mimi ningechagua Hatfield.

Kama mtakwenda Bradfield, msirudi Ipswich moja kwa moja. Pitieni Lavenham, ni kama dakika 20 kwa gari. Mafundi wa ukarabati huwa wanaacha kidirisha cha kioo kwenye ukuta wa nyumba kama hizo, zile fito zionekane. Ukiuliza kwenye duka au mgahawa huenda ukaonyeshwa kimoja. Msimweleze mama chochote. Mwacheni ainame atazame fito zilivyofungwa, kisha muulize kwao Lushoto walifungia kamba ya mti gani, uniandikie.